Je, Magendo ni Udanganyifu?

Kuna mazoea katika madarasa yetu ya tafsiri ambayo hatuna budi kuyakosoa. Mwanafunzi akikutana na neno la Kiingereza "dishonesty", hupewa jibu moja tu: udanganyifu. Kisha chini yake huorodheshwa wizi, hongo, ulanguzi na magendo, kana kwamba yote ni watoto wa mama mmoja. Sisi wenyewe tumefundisha hivyo, na tunakiri kosa.

Neno hilo la Kiingereza ni pana. Hutaja upungufu wa uaminifu, wala halisemi nani amedhulumiwa. Maneno yetu husema. Mdanganyifu humpotosha mtu kwa kauli au kitendo. Mwizi humwibia mwenye mali. Mlanguzi humkamua mnunuzi kwa bei. Mfanya magendo je? Huikwepa forodha, na huenda asimwambie jirani yake uongo hata mmoja.

Twende Busia na Tororo, ambako Wasamia na Wateso wanaishi pande zote mbili za mpaka. Baridi kali ilipoiharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ya kahawa duniani ilipanda, na kahawa ya Uganda ikavushwa kwa wingi hadi Kenya. Mkulima aliyelipwa kidogo kwao aliitafuta bei bora ng'ambo. Mwaka huo huo serikali ya Idi Amin iliunda mahakama ya makosa ya kiuchumi, yenye uwezo wa kutoa hukumu ya kifo. Wataalamu walioandika kwa Kiingereza juu ya uchumi wa Uganda ya siku hizo waliliacha neno magendo kama lilivyo. Waliona kwamba lina maana yake pekee.

Hatusemi magendo ni halali. Kodi iliyokwepwa ni dawa iliyokosekana hospitalini. Tunasema tu kwamba mvunja sheria si lazima awe mwongo. Ofisa anayepokea hongo, kisha akaandika magunia kumi badala ya hamsini, huyo ndiye mdanganyifu hasa, ingawa hakuvuka mpaka.

Basi, walimu wenzetu, tuiache orodha. Mwanafunzi aulizwe kwanza: nani amedhulumiwa, na kwa njia gani? Jibu litamletea neno. Mtoto wa mpakani ambaye mama yake huvusha mahindi kwa njia za panya anastahili kujua kwamba sheria inalo jina la tendo hilo. Lakini asifundishwe, kwa uvivu wetu wa tafsiri, kumwita mamaye mwongo.