Rehani mbele ya mlango

Mchanga wa Ushongo haushiki maji. Mwaga ndoo nzima, kabla hujaitua chini yamekwisha zama. Kisiwa cha Maziwe, mbele yake baharini, zamani kilikuwa na miti. Leo ni fungu tupu la mchanga ambalo maji yakijaa hulifunika. Katika mchanga huo wa Ushongo nilimkuta bibi mmoja akipanda mrehani mlangoni pake, nikasimama kutazama.

Hapandi mbegu. Kwa kisu kidogo anakata tawi changa lisilo na ua, urefu wa kiganja, chini kidogo ya kifundo, maana hapo ndipo mizizi hutokea. Majani ya chini anayapukusa, ya juu anabakiza manne.

Tuta amelichimba shubiri moja. Chini amelaza makumbi ya nazi, nyuzi zikitazama juu, yanywe maji na kuyaachia polepole. Juu yake samadi kavu ya mbuzi, aliyoiponda kwa mkono hadi ikawa unga, kisha mchanga uliochanganywa na majani yaliyooza. Anatoboa kwa kijiti, anatia tawi, anashindilia kwa vidole viwili. Anahamia lingine. Hakuna shimo aliloliharakisha. Akimaliza, analifunika tuta kwa kuti, jua lisiunguze.

Maji anayateka kwa kata ya kifuu, akiyatiririsha shinani bila kulowesha jani.

Lakini ustadi wenyewe niliuona kwenye tuta la zamani, upande wa pili wa kizingiti. Kila asubuhi huchuchumaa hapo na kukata vilele kwa ukucha, juu tu ya majani mawili yanayotazamana. Palipokuwa na kilele kimoja huchipua vitawi viwili. Ndiyo maana mrehani ambao ungefika magotini umetandaa chini kama jamvi, mchanga hauonekani. Ua likichungulia, analing'oa.

"Ukiuacha uzae, mwanangu, unazeeka," aliniambia, mkono haukusimama.

Vilele havitupwi. Jioni huvifunga kwa ukindu pamoja na mkadi na asumini zilizochumwa zingali tumba, kikawa kikuba. Na anayeingia, pindo la kanga likigusa majani, harufu humtangulia ndani.

Tuta hilo la zamani lina miezi minane. Halijatoa mbegu hata moja.