Koti la Viraka

Mtu yeyote aweza kusema kwamba umaskini ni mchungu. Si kila mtu awezaye kutuonyesha sanduku la matambara, viatu vilivyotoboka, na theluji iliyopenya katika nyufa za ukuta usiku watoto wakiwa wamelala. Hapo ndipo mtunzi hodari ajulikanapo. Katika insha hii nataka tuzipime pamoja nyimbo mbili za Dolly Parton, mtunzi na mwimbaji wa Marekani, ambazo zote zahusu maisha ya nyumbani kwao alipokuwa mtoto. Huenda sauti yake umekwisha kuisikia katika redio, maana nyimbo za namna yake zina wapenzi wengi hapa Kenya. Lakini kusikia ni jambo moja, na kusikiliza ni jambo jingine.

Yafaa kwanza tuyajue mazingira yaliyomlea. Dolly Parton alizaliwa tarehe 19 Januari 1946, katikati ya majira ya baridi, katika wilaya ya Sevier, jimbo la Tennessee, penye milima iitwayo Great Smoky. Alikuwa wa nne katika watoto 12. Baba yake, Robert Lee, alikuwa mkulima asiyejua kusoma wala kuandika. Mama yake, Avie Lee, alikuwa na hazina ya nyimbo za kale, akawaimbia wanawe hadithi za watu waliokwisha kufa zamani. Nyumba yao ilikuwa ndogo, haina umeme wala maji ya mfereji. Daktari aliyekuja siku ya kuzaliwa kwake alilipwa unga wa mahindi, kwa sababu fedha haikuwako.

Msomaji, hapa sharti ulifikiri vema neno baridi. Baridi ya Limuru mwezi wa Julai hukufanya ujikunyate, lakini majani ya ng'ombe huendelea kuota. Katika milima ile miti mingi hupukutisha majani yote, na maji yaweza kuganda ndooni. Shamba hulala kwa miezi kadhaa. Jamaa hula kile walichokiweka akiba wakati wa mavuno, na kama mavuno yalikuwa haba, hakuna wa kumlalamikia. Mahali kama hapo koti ni kitu cha lazima kama chakula. Asiyelielewa jambo hili hataielewa hata moja ya nyimbo hizi.

Wimbo wa kwanza huitwa "Coat of Many Colors". Dolly Parton aliuandika mwaka 1969, akiwa safarini pamoja na mwimbaji Porter Wagoner. Kwa kuwa hakuwa na karatasi, aliyaandika maneno nyuma ya stakabadhi ya dobi. Wimbo ulitolewa mwaka 1971. Kisa chake ni chepesi kukisimulia. Majira ya baridi yanakaribia, na mtoto hana koti. Mama anachukua matambara ya rangi mbalimbali waliyopewa na mtu, anayaunga moja moja, na huku akishona anamsimulia mwanawe habari za Yusufu na vazi lake katika Biblia. Mtoto anakwenda shule kwa furaha. Wenzake wanamcheka. Naye anajaribu kuwaeleza kwamba kila mshono wa koti lile umetiwa upendo wa mama yake.

Uzuri wa wimbo huu umejificha katika mpango wake. Mtunzi hakuanza na machozi. Ameanza na kazi ya mikono: kuviunga vitambaa na kuvishona. Tumeona taabu ya mama kabla hatujasikia kicheko cha watoto, na kwa hiyo kicheko kile kinatuchoma sisi pia. Kama angaliweka dhihaka mwanzo na ushonaji baadaye, tungalimhurumia mtoto peke yake. Kwa mpango alioufuata, twamwona na mama, ambaye hakuwapo shuleni lakini ndiye hasa aliyechekwa.

Tazama tena hadithi ya Yusufu. Yusufu alikuwa mmoja wa wana 12, na Dolly Parton mmoja wa watoto 12. Lakini vazi la Yusufu alipewa na baba mwenye mali nyingi, nalo likawatia ndugu zake wivu. Koti la msichana huyu lilitokana na ukosefu, nalo likaleta dhihaka. Sababu ni mbili tofauti, lakini wote wawili waliumizwa kwa ajili ya nguo waliyopewa kwa upendo. Mama alimsimulia mwanawe nusu ya hadithi, ile ya fahari. Nusu ya pili, ile ya maumivu, mtoto aliikuta mwenyewe shuleni. Wimbo hausemi hivyo waziwazi, na kwa kutosema, umetuachia kazi ya kufikiri. Hiyo ni heshima kubwa ambayo mtunzi humpa msikilizaji wake.

Pamoja na sifa hizo zote, wimbo una kasoro moja, wala haitufai kuinyamazia kwa sababu tunaupenda. Karibu na mwisho mtoto anatoa hukumu kwamba mtu huwa maskini kwa kupenda kwake mwenyewe. Wengine wataitetea hukumu hiyo. Watasema kwamba ni neno la mtoto anayejifariji, na kwamba umaskini unaotajwa ni ule wa moyo. Utetezi huo una nguvu, nami naukubali kwa sehemu. Hata hivyo neno likiimbwa na mtu mzima mwenye jina kubwa, halibaki tena kuwa la mtoto. Mwenye shibe aweza kulichukua akamwambia mwenye njaa: "Umejitakia." Fikiri juu ya mwenzako ajaye darasani na sweta iliyotatuka viwiko. Je, ameichagua? Upendo wa mama yake waweza kumpa uso wa kuinua mbele ya wenzake, lakini hauwezi kumlipia daktari.

Jibu la neno hilo limo katika wimbo wa pili, nao ni wa Dolly Parton huyo huyo. Huitwa "In the Good Old Days (When Times Were Bad)", na ulitolewa mwaka 1968, miaka mitatu kabla ya ule wa koti. Humu hamna kisa kimoja chenye mwanzo na mwisho. Mambo yamepangwa moja baada ya jingine, kama mtu ahesabuye madeni: kuamka kabla ya jua na kulima mpaka litue, mvua ya mawe inayoyapiga mazao huku jamaa wakitazama na kulia, mikono ya baba inayopasuka ikatoka damu, mama aliye mgonjwa na fedha ya daktari hakuna, barafu sakafuni asubuhi mahali upepo ulipoingizia theluji kwa nyufa za ukuta. Kisha mtunzi anasema mambo mawili kwa pamoja: kwamba kumbukumbu zile hawezi kuziuza kwa fedha yoyote, na kwamba hakuna fedha iwezayo kumrudisha kuishi vile tena.

Wimbo huu hauna sura moja ya kukaa akilini kama lile koti. Kwa ufundi wa kusimulia, wa mwaka 1971 umeupita. Lakini kwa ukweli, naona wa mwaka 1968 umesimama juu zaidi. Ni rahisi kuyatukana maisha ya zamani, na ni rahisi pia kuyapaka asali. Kazi ngumu ni kuyashika yote mawili, shukrani kwa mkono huu na uchungu kwa mkono huu, bila kuacha kimoja kianguke. Mtunzi mwenyewe bila shaka aliuthamini, maana aliuimba tena katika sahani ya mwaka 1973, "My Tennessee Mountain Home", ambayo karibu yote ni habari za kwao. Humo mna wimbo juu ya buti za kazi za baba yake, na mwingine juu ya yule daktari aliyelipwa unga.

Tena matendo yake yameijibu hukumu ile ya koti kuliko maneno. Mwaka 1995 alianzisha katika wilaya ya Sevier mpango wa kuwapelekea watoto wadogo vitabu kila mwezi pasipo malipo, tangu kuzaliwa mpaka umri wa miaka mitano, nao umeenea katika nchi kadhaa. Amesema mara nyingi kwamba alimkumbuka baba yake asiyejua kusoma. Kama umaskini ungekuwa jambo la kuchagua tu, vitabu hivyo vingekuwa vya nini? Mpaji anajua kwamba kuna milango ambayo mtoto hawezi kuifungua peke yake.

Basi, msomaji, utakapoandika habari za kwenu, usione haya kuvitaja vitu vya kwenu kwa majina yake: debe la maji, kibatari, blanketi moja la watu watatu. Vitaje kwa usahihi, navyo vitasema vyenyewe. Lakini ufikapo mwisho wa insha, na hamu ikikushika ya kutoa fundisho tamu, litazame kwanza fundisho hilo kwa macho ya aliye maskini kuliko wewe. Likiwa laweza kumwongezea aibu, lifute, hata kama limepangwa vizuri.