Sifa za Pua Butu

Kiwanda cha Kenya Ordnance Factories Corporation, kule Kiplombe, Eldoret, hutengeneza risasi za vikosi vya usalama, zikiwemo za milimita 7.62. Kichwa cha risasi ya namna hiyo huwa na gramu 9 na ushei, pua iliyochongoka, na hutoka mtutuni kwa zaidi ya mita 800 kwa sekunde. Kwa hesabu ya kasi, inaipita mbali ile ya milimita 7 ambayo mwindaji W. D. M. Bell aliangushia mamia ya ndovu Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20. Hiyo ilikwenda kama mita 700 tu. Lakini risasi ya Bell ilikuwa ndefu, ngumu, butu puani, ikapasua mfupa wa fuvu na kunyooka hadi ubongoni. Iliyochongoka hubeba uzito wake nyuma. Hewani huzunguka kwa kasi na kutulia. Ikiingia nyamani, mzunguko huo hauishikilii tena, nayo hupinduka na kupotea njia. Ndiyo maana ninamheshimu fundi wa umbo kuliko mwongezaji wa baruti.

Kwa swala, ufundi hugeuka. Hapo hutakiwa ncha laini inayochanua ndani ya mapafu, na kinachoichanua ni kasi yenyewe. Ikizidi, risasi husambaratika begani kabla ya kufika ndani. Ikipungua, hupita kama sindano na mnyama hukimbia akiwa na jeraha. Mmarekani John Nosler alilitatua hilo mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ukuta wa shaba katikati ya kichwa: nusu ya mbele ichanue, ya nyuma isukume. Kazi nzuri mno!

Wapo watakaosema Bell aliua kwa shabaha. Ni kweli, alipasua fuvu la ndovu kwa msumeno ili ajue ubongo ulipo. Ila shabaha humalizikia kwenye ngozi. Safari iliyobaki ni ya risasi peke yake. Wengine watauliza elimu hii ina faida gani, ikiwa Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Askari wa wanyamapori bado huitwa kumwua nyati aliyevamia kijiji, na Tanzania bado hutoa vibali vya kuwinda. Nyati aliyepigwa risasi isiyomfaa huingia kichakani akiwa hai, na ni lazima mtu amfuate humo.