Chupa Tatu za Mchanga

Kila mwaka lazima atokee mwanafunzi wa kuniuliza kuhusu moto. Tumeshaandika ubaoni zile sifa saba za viumbehai, zile za kukariri kwa ajili ya mtihani: kula, kupumua, kujongea, kukua, kuzaa, kuhisi, kutoa takamwili. Mkono unanyooka nyuma ya darasa. Mwalimu, moto unakula kuni. Unataka hewa. Unatembea, unakua, unazaa moto mwingine, na majivu unayaacha nyuma. Mbona hatuuhesabu? Darasa linaangua kicheko, nami siku hizi sijibu. Miaka ya mwanzo nilikuwa najibu, tena chapuchapu, na somo likafia hapohapo.

Kumfundisha kijana jinsi uhai unavyotafutwa kwenye sayari nyingine ni ufundi wa kuchelewesha jibu. Vifaa vyake ni vya gengeni. Naosha chupa tatu za jamu, kila moja naijaza mchanga nusu. Mchanga uwe wa mtoni. Wa ufukweni una vipande vya makombe, ukikutana na ndimu nao unachemka na kukuharibia kazi. Chupa ya kwanza naiacha na mchanga wake. Ya pili nachanganya kijiko cha hamira. Ya tatu natia magadi niliyoyatwanga yakawa unga. Nikishazitikisa, ukizitazama zimesimama mezani huwezi kujua ipi ni ipi. Kisha zote zinapata maji yaleyale: ya uvuguvugu, yenye sukari, yaliyokamuliwa ndimu mbili.

Ya tatu hufoka povu papo hapo. Darasa zima linashangilia: hiyo, hiyo ndiyo ina uhai! Naandika kura ubaoni bila kusema neno, na hapo kwenye kunyamaza ndipo kazi ilipo, maana mwalimu ana mdomo unaowasha. Dakika mbili tu, povu limelala. Tunaendelea na mengine, nasahihisha madaftari, mpaka mtu wa dawati la mbele anaona chupa ya pili imeanza kutoa viputo, kimoja kimoja, kama inaamka usingizini. Haviachi. Kengele inagongwa bado vinapanda, na watu wanadai kura zirudiwe.

Hapo ndipo ninapowapeleka Mirihi. Tarehe 20 Julai 1976 chombo cha Marekani, Viking 1, kilitua huko, na Viking 2 kikafuata tarehe 3 Septemba. Vilichota udongo, vikaudondoshea tone la virutubisho vyenye kaboni ya mionzi, vikangoja kuona kama gesi yenye kaboni ile itatoka. Ilitoka. Udongo mwingine ulipochomwa kwanza kwa nyuzijoto 160 kwa saa tatu, gesi ikakaribia kupotea kabisa, kama kwamba kilichokuwemo kimekufa. Lakini tone la pili halikuleta gesi mpya kama la kwanza, na kifaa kingine kilichounguza udongo ili kunusa mabaki ya kikaboni hakikunusa cha kuaminika. Hamira au magadi? Wanasayansi wengi walisema magadi. Gilbert Levin, aliyebuni jaribio lile la tone, alishikilia hamira mpaka alipofariki mwaka 2021. Na mwaka 2008 chombo cha Phoenix kikakuta huko chumvi za pakloreti, ambazo zikipashwa moto huteketeza hayohayo mabaki ya kikaboni yaliyokuwa yakitafutwa. Kura zirudiwe tena.

Kuna mwaka niliaibika. Nilileta maji kwenye chupa ya chai, nikayamimina bila kuyajaribu kwa kidole. Yalikuwa ya moto wa kuchambulia kuku. Chupa ya pili ikakaa kimya kipindi kizima. Nimeshaanza kuomba radhi, binti mmoja akasema, “Umewaua, Mwalimu. Walikuwemo, ukawaua kwa kuwapima.” Mtaala unataka somo hili liende kwa Kiingereza, sentensi ile ilikuja kwa Kiswahili, kama zinavyokuja nyingi zilizo nzuri. Sikuwa nimemwambia kwamba wapo wanasayansi wenye hoja hiyohiyo: kama kweli kulikuwa na vijidudu vilivyozoea ukame wa Mirihi, huenda lile tone letu ndilo lililovimaliza.

Hata chupa ya tatu, tuliyokwisha kuihukumu kuwa ni kemia tupu, haijakaa sawa. Magadi ni yaleyale ya kulainishia maharage jikoni, na maziwa yanayoyatoa tunayo: Natron upande wetu, Magadi upande wa Kenya, mpaka ukipita katikati. Maji yake huwasha ngozi. Ila heroe wa Natron hula viumbe vidogo vinavyoota humohumo, na miaka ya 1980 wataalamu walikitambua kijidudu kutoka Ziwa Magadi kinachotaka chumvi na ukali wa magadi ndipo kistawi. Walikiita Natronobacterium magadii. Nikiandika jina hilo ubaoni huwa wanarudi kuitazama chupa, wengine wanainusa.

Ya kwanza haina mtu. Ndiyo ya kulinganishia, mchanga na maji tu. Mwaka jana kijana mmoja mkimya, asiyenyoosha mkono hata siku moja, alibaki nyuma wenzake walipotoka, akaishika.

“Na hii nani kasema haina kitu? Si mchanga wa mtoni huu?”

Sikuwa nimeuchoma. Tukalegeza kifuniko, tukaiweka juu ya kabati pamoja na ramani zilizokunjwa. Hiyo ni Jumatatu. Alhamisi asubuhi nilipofungua mlango wa darasa, harufu ilinipokea kabla ya wanafunzi.