Muziki wa Sinema Usikilizwapo Peke Yake

Katika ngano za Uluguru, kama zilivyo ngano za makabila mengi ya bara, msimulizi hufika mahali akaiacha hadithi na kuanza wimbo, na wasikilizaji wakamwitikia. Kesho yake utamsikia mtoto akiuimba wimbo ule ule njiani, ndoo kichwani, pasipo hadithi. Aliyekuwapo usiku ule hukumbuka kisa chote. Asiyekuwapo hujiuliza: huyu anayeitwa ni nani, na mbona haitiki? Wimbo wa ngano ukitengwa na ngano yake hubaki na upungufu, na upungufu huo ndio umfanyao mtu asimame asikilize. Kwa kipimo hicho nataka kuipima santuri moja ya muziki wa sinema.

Santuri yenyewe ni ile ya sinema iitwayo Hatari!, iliyotolewa na RCA Victor mwaka 1962. Mtungaji wa muziki ni Mmarekani Henry Mancini. Mwongozaji wa sinema ni Howard Hawks. Kisa chake ni cha watu wanaokamata wanyama wa porini ili wauzwe kwa bustani za wanyama, na picha za porini zilipigwa katika nchi ya Arusha kabla Tanganyika haijapata uhuru wake Desemba 1961. Nimeichagua kwa kuwa jina lake ni neno letu na ardhi inayoonekana ni yetu. Muziki peke yake ndio uliotoka mbali. Mtu wa Morogoro akiisikiliza bila kuitazama sinema, huwa amekabidhiwa kile tu ambacho si chake.

Yafaa msomaji afahamu jambo moja ambalo wengi hulipita. Yaliyomo katika santuri ile siyo yale yaliyosikika katika jumba la sinema. Mancini alikuwa na desturi ya kuipanga upya kazi yake na kuipigisha tena kwa ajili ya santuri, akifupisha hapa na kunyoosha pale, ili mnunuzi apate vipande vinavyojitosheleza. Muziki wenyewe wa sinema ya Hatari! ulitolewa kwa wasikilizaji mwaka 2012, miaka hamsini baadaye. Basi aliyeitenga sauti na picha wa kwanza ni mtungaji mwenyewe, wala msikilizaji asilaumiwe kwa kufuata njia aliyofunguliwa.

Kipande kilichopata sifa kuliko vyote ni “Baby Elephant Walk”, yaani matembezi ya tembo mdogo, ambacho mwaka 1963 kilimpatia Mancini tuzo ya Grammy kwa upangaji wa ala. Katika sinema, Elsa Martinelli, ambaye wenyeji humwita Mama Tembo, huwapeleka watoto wa tembo kuoga. Tune inachekesha: kinanda cha filimbi kama kile cha sarakasi huanza, klarineti ikadakia kwa sauti nyembamba, na chini yake kuna mwendo wa bugi-wugi, ule mtindo wa piano wa Wamarekani weusi. Niliwahi kuwasikilizisha wanafunzi wachache ambao hawajapata kuiona sinema ile, bila kuwatajia jina. Hakuna aliyemtaja tembo. Mmoja, mzaliwa wa Mgeta, alisema anamwona mtoto mnene anayekwenda shule amevaa viatu vya baba yake. Wote walicheka, na hapana aliyetaka kuuliza zaidi.

Nao walisikia vizuri. Sisi tulio karibu na Mikumi, ambako barabara kuu ya kwenda Iringa hupita katikati ya hifadhi, twajua kwamba tembo hatembei hivyo. Nyayo zake ni laini, na mnyama mkubwa kiasi kile aweza kupita karibu nawe usisikie ila kuvunjika kwa matawi. Tembo wa Mancini ni wa sarakasi. Kipande hakina kosa lolote kama tune, na ndiyo sababu kimeenea duniani kote. Lakini kimejitosheleza mno, hakina dirisha.

Tofauti kabisa ni kile kirefu kiitwacho “Sounds of Hatari”. Hapa ngoma huanza kwa chini, zikaongezeka, na ala za shaba zikaingia kwa vishindo vifupi visivyotua. Kuna mbio, lakini ni nani anayefukuza na ni nani anayefukuzwa? Msikilizaji hawezi kujua, wala hawezi kuacha kutaka kujua. Sikio la hapa laweza kulalamika, na kwa haki, kwamba ngoma hizi hazimsemeshi mchezaji wala hazingoji kuitikiwa. Zina haraka tu. Hata hivyo, usiku chini ya milima, wakati Uluguru haionekani ila kama weusi uliozidi weusi wa mbingu, nimeiona mbuga ambayo Hawks hakuipiga picha. Kwangu mimi hiki ndicho kipande kilicho bora katika santuri nzima, ijapokuwa watu wachache hukikumbuka.

Juu ya majina ya vipande vingine sina mengi ya kusema. “Big Band Bwana” ni jazi ya kawaida ya Marekani iliyovikwa kofia ya msafara wa uwindaji. Neno “bwana” limewekwa pale kama pembe ya mnyama ukutani.

Jambo la ala lina uzito zaidi. Hawks alimletea Mancini marimba za vidole kutoka Afrika, pamoja na vibuyu na maganda makavu ya mbegu yaliayo kama kayamba, naye akavitumia. Alivitumia kama pilipili: kidogo, juu ya chakula kilichokwisha iva. Yeyote aliyemsikiliza marehemu Hukwe Zawose na ilimba yake ya Kigogo anajua kwamba marimba hushika tune yenyewe na hujibizana na koo la mwimbaji. Katika santuri ya Mancini marimba haijibizani na mtu.

Yamkini mtu atasema kwamba kusikiliza bila picha ni desturi ngeni kwetu. Sivyo hata kidogo, na Morogoro ni shahidi. Salum Abdallah, aliyeanzisha bendi yake hapa mwaka 1948 na baadaye ikajulikana kwa jina la Cuban Marimba, alijifunza rumba kutoka santuri za Kuba, nchi ambayo hakupata kuiona, katika lugha isiyokuwa yake. Hakuitafuta picha iliyokosekana. Aliujaza upungufu kwa maneno ya Kiswahili, na mpaka alipofariki mwaka 1965 alikuwa amezigeuza tune zile kuwa za mji huu. Huko Mombasa, Juma Bhalo alifanya vivyo hivyo kwa tune za sinema za Kihindi. Nazo sinema hizo zilikuwa zimekwisha tenganisha sauti na sura: katika Awaara ya mwaka 1951 ni Raj Kapoor anayefumbua mdomo, lakini sauti ni ya Mukesh. Mpenzi wa taarabu aliyemsikia Bhalo hakuhitaji kumjua yeyote kati ya hao wawili.

Tune za Kihindi na za Kuba zilikubali maneno kwa sababu tangu mwanzo zilikuwa nyimbo, zenye nafasi ya mtu kusema. “Baby Elephant Walk” nao ungekubali maneno, na pengine ya kuchekesha. Mbio za “Sounds of Hatari” haziyakubali. Sinema yenyewe huanza kwa kumfukuza kifaru, naye kifaru humjeruhi mmoja wa wakamataji akaponyoka. Asiyeiona hataambiwa hayo na santuri.