Soma Chipu, Usisome Boksi

Mtu wa Kamembe, Rwanda, aliyeweka Linux kwenye laputopu kuukuu, akachomeka adapta ya waifai na asione mtandao hata mmoja, huelekea kutoa hukumu mapema: adapta ni mbovu, ama Linux haimfai anayeanza. Ushahidi wa kuamua hilo hupatikana kwa amri moja tu, lsusb, inayotoa utambulisho wa kifaa: alama nne kabla ya nukta pacha na nne baada yake. Hizo ndizo za kutafutia draiva, maana jina la dukani halisemi kilichomo ndani. TP-Link TL-WN722N ya toleo la kwanza ilibeba chipu ya Atheros AR9271, ambayo kerneli, yaani kiini cha Linux, huihudumia yenyewe kwa draiva ya ath9k_htc. Toleo la pili likaja na Realtek RTL8188EUS, kifaa kingine kabisa chini ya jina lile lile, na maelekezo ya la kwanza hayalisaidii lolote.

Kwa chipu za Realtek, wengi hushauri kupakua msimbo na kuukompaili. Naona heri kuangalia kwanza umri wa kerneli. Tangu toleo la 6.2, draiva ya rtw88 inahudumia adapta za USB kama RTL8821CU. Debian 12 ilitoka na 6.1, Ubuntu 24.04 ikatoka na 6.8, basi adapta hiyo hiyo yaweza kukataa huku na kukubali kule. Draiva ya kukompaili kwa mkono hufungamana na kerneli moja: sasisho likija, waifai hupotea, na anayeanza hajui kwa nini. Atakayesema kerneli mpya hula bando ana haki, ila kukompaili nako kunadai kompaila na faili za vichwa vya kerneli, navyo hupakuliwa. Na kupakua bila waifai? Unganisha simu kwa waya wa USB na uwashe ugavi wa intaneti. Linux huiona kama kadi ya mtandao wa waya. Karibu na Mto Rusizi, mpakani na Kongo, zima kwanza data ya nje ya nchi, simu isije ikashika mnara wa upande wa Bukavu na kumaliza salio. Kisha soma dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli: ikilalamika kwamba faili ya fimuwea haipo, kwa Debian sakinisha pakiti ya firmware-realtek kabla ya kufikiria kununua adapta nyingine.