Tembo wa Tabora

Kijana wa Kaliua akifungua sanduku la marehemu bibi, mzaa baba, hutafuta tembo: sarafu ya dhahabu ya rupia 15 waliyoipiga Wajerumani pale Tabora mwaka 1916, vita vikiwa vimewabana. Zilipigwa 16,198 tu. Kuchorwa, tembo amechorwa vyema: mkonga juu, mlima nyuma yake. Zile za shaba, hela 20 za mwaka ule ule, kijana huzitupa kando kwa kuwa zimepigwa ovyo. Mimi hizo ndizo nizipendazo; ndizo zilizopita mikononi mwa watu, na jina lao tungali nalo midomoni. Lakini sanduku ni mirathi. Mjukuu ambaye baba yake yu hai hana fungu humo, shangazi analo. Je, ameitwa?